Barua ya wazi kwa mnaogawa hela za utafiti: chipu haina idara

Waheshimiwa, shikamooni. Na wale tunaolingana, mambo.

Naandika kutoka Kijitonyama, saa nne usiku, feni imegoma. Kabla hamjauliza mimi ni nani: ni mwanafunzi wa uzamili, na kabla ya hapo nilikuwa fundi simu Kariakoo miaka sita, mtaa wa Aggrey, kimeza cha futi tatu, na hata leo jumamosi nikikosa nauli narudi palepale kushika bloa. Barua hii ni yenu nyote mnaokaa vikao vya kugawa mafungu, wakuu wa vyuo, wizara, tume, na hasa nyie wa kamati mnaosoma andiko la mtu kurasa ishirini alafu mnaandika juu kwa kalamu nyekundu "hili si la idara hii".

Ninachowaandikia ni utafiti wa usalama wa chipu, vile vikompyuta vidogo vilivyo ndani ya simu, kadi na mita. Nianze na nyumba ya kupanga, maana nikianza na hesabu mtalala.

Aliyewahi kukaa Manzese au Mbagala kwenye nyumba ya vyumba sita luku moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, anamjua mama mwenye nyumba ninayemsema. Hajasomea umeme, hana kifaa, anakaa tu kibarazani anaangalia kile kitaa chekundu cha mita kinavyopepesa. Kikipepesa taratibu ni taa na redio. Kikianza kwenda mbio anainuka, anapita vyumba viwili bila hata kugeuka, anagonga mlango wa tatu, "we baba Zuwena, pasi saa hizi?" Na anapatia. Hajaingia kwako, hajachungulia dirishani, kajua unachofanya kwa kuangalia umeme unavyoliwa.

Mwaka 1999 huko Marekani Paul Kocher na wenzake wawili, Joshua Jaffe na Benjamin Jun, walionyesha kwamba chipu nayo inachunguzwa hivohivo. Ndani ya kadi ya benki au laini ya simu kuna kichipu kinachotunza ufunguo wa siri, yaani namba ndefu ya kufungia na kufungulia taarifa, na ukisema uutafute ufunguo huo kwa kubahatisha utazeeka wewe, watazeeka na wajukuu. Ila chipu ikikokotoa inakula umeme, na ulaji wake unatofautiana kidogo sana kutegemea tarakimu inazozishughulikia. Ukiweka osiloskopu, kile kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme, ukarekodi mara nyingi, mamia au maelfu, ukalinganisha kwa takwimu, ufunguo unaanza kujitokeza wenyewe kama jina kwenye karatasi iliyopakwa penseli. Mlango hawakuugusa, walikaa kibarazani.

Watengenezaji nao hawakulala. Wakaanza kutia makelele ya makusudi, chipu inachelewachelewa ovyo ili rekodi moja isilingane na nyingine, na kwa muda mrefu kazi ya kuzipanga hizo rekodi ilihitaji mtu mwenye jicho kali na uvumilivu wa mvuvi. Ndo ikaja akili mnemba (AI). Mitandao ileile ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, inayotambua sura ya mtu kwenye picha ikafundishwa kusoma mawimbi ya umeme, na kumbe ile kutolingana haiisumbui sana. Yaani ni mama mwenye nyumba asiyelala, hasahau, na anaweza kukaa vibaraza elfu kwa wakati mmoja.

Na mambo yanaenda upande wa pili pia, hapa ndo watu wengi wanashtuka nikiwaambia. 2019 kuna watafiti, wengine Uholanzi wengine Singapore, walisikiliza mawimbi ya sumakuumeme yanayotoka kwenye kichipu kidogo kinachoendesha mtandao wa neva, wakaweza kujua una tabaka ngapi, kila tabaka lina neva ngapi, mpaka uzito wake, zile namba ilizojifunza. Kwa hiyo akili mnemba inaiba kwenye chipu, na yenyewe inaibiwa kupitia chipu.

Sasa naomba mnisaidie, waheshimiwa, hii ni ya idara gani?

Nauliza kwa sababu tumezungushwa miezi kumi na moja. Tulikuwa wanne, mimi wa chuma (vifaa vyenyewe, si programu), dada mmoja wa hisabati ambaye ndo kichwa chetu kwenye akili mnemba, kaka mmoja wa sheria, na mwalimu wa Kiswahili ambaye mwanzoni tulimchukua kwa ajili ya kuandika ripoti vizuri, baadaye nitawaambia kwa nini tuliona aibu kwa hilo. Chuo sikitaji, sijaja kuchafua mtu. Andiko letu lilikuwa dogo tu: tukusanye mita chakavu, kadi za kugusa, simu za bei ya chini zinazouzwa hapahapa mjini, tuzifungue, tupime zinavyovuja, na tufundishe programu ndogo isaidie kutambua chipu feki. Kamati ya kwanza ikasema hili ni la kompyuta. Tukaenda kompyuta, wakasema nyie mnashika bisibisi, nendeni umeme. Umeme wakauliza mbona kuna mwanasheria humu. Sheria wakasema hatuna nadharia ya kisheria, na hapo kidogo walikuwa na haki maana kaka yetu aliiandika usiku mmoja, lakini bado. Kwenye fomu kuna kisanduku kimeandikwa "Fani", kimoja, kina upana wa kidole gumba. Mzee mmoja mstaarabu sana alitukalisha akatuambia wanangu chagueni moja mpate hela, hizo nyingine mtazifanya kimyakimya. Alimaanisha mema na tunamheshimu. Ila andiko la usalama linalopita kwa kufichwaficha, si ndo kichekesho hicho?

Kifaa nacho kilituzungusha. Kuna kifaa kinaitwa ChipWhisperer, alikibuni Colin O'Flynn wa Canada, michoro yake iko wazi kwa yeyote, na kile kidogo kabisa bei yake ni chini ya simu janja ya kawaida Kariakoo. Tulichanga wenyewe tukaagiza. Kikakaa kwenye ofisi moja wiki saba. Nilipofuatilia, kijana wa dirishani akaniuliza, kaka hiki ni kifaa cha kuhaki? Nikakaa kimya kidogo nikijua nikisema ndiyo naenda ndani na nikisema hapana ni muongo. Nikamwambia ni cha kujua kama wanaotaka kuhaki wataweza. Akacheka, akasema basi lete barua ya chuo. Barua ya chuo inatoka idarani. Idara hatuna. Mnaliona duara?

Nirudi kwenye luku, maana pale nchi nzima ilifanya maabara bila kujua. Mtakumbuka 2024 tuliambiwa kila mwenye mita ya luku lazima aingize tokeni za kuboresha kabla ya tarehe 24 Novemba, zile namba ndefu, kundi la kwanza, la pili, ndo la tatu la umeme wenyewe. Watu mtaani wakasema mara wanapandisha bei, mara wanatufunga kamera. Ukweli wake ni mtamu kuliko uvumi. Mita nyingi za tokeni duniani zinafuata mfumo mmoja uliozaliwa Afrika Kusini, na kila tokeni ina muhuri wa muda unaohesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Muhuri ulipewa nafasi ya biti 24 tu, yaani tarakimu 24 za sifuri na moja, ambazo zinatosha dakika milioni 16 na laki saba na ushee, karibu miaka 32. Zikijaa, hesabu inarudi sifuri na mita inaanza kukataa tokeni halali ikidhani ni za zamani. Mtu mmoja alichora kisanduku kidogo miaka ya tisini (visanduku vidogo hivi, sijui kwa nini vinaniandama) na miaka thelathini baadaye mama yangu Mbagala Rangi Tatu ananipigia saa moja asubuhi ananisomea tarakimu sitini kutoka kwenye daftari la vikoba.

Softiwea ikiwa na kasoro unaisasisha usiku watu wamelala. Kilichochongwa kwenye chuma kikakaa ukutani kwa mtu miaka kumi na tano hukisasishi hivo, unampigia magoti kila mwenye nyumba aingize namba kwa kidole chake. Na hapo ndo tulipomwonea aibu mwalimu wetu wa Kiswahili, kwa sababu siku ile ndo alituuliza swali ambalo sisi wengine watatu hatukuwahi kuliwaza: ujumbe wa simu unaosema "ingiza tokeni" mtu anausomaje akiona namba tatu, anajuaje ipi kwanza, akikosea katikati anaambiwa nini na mita yenyewe? Mita inamwambia kwa neno la kifupisho la herufi za kigeni kwenye kioo cha ukubwa wa kucha. Mama yangu alikosea mara mbili akaacha, akasubiri nifike jumapili, akakaa na mshumaa. Hesabu za mita zilikuwa sawa kabisa, yeye ndo alikaa gizani.

Marehemu Ross Anderson wa Cambridge, aliyefariki Machi 2024, aliziona mita hizi za kulipia kabla kule Afrika Kusini tangu miaka ya tisini. Alikuwa mtu wa hisabati na kompyuta, lakini miaka iliyofuata alikaa na wachumi, baadaye na wanasaikolojia, akisema mifumo mingi inaanguka kwa sababu anayeilinda si yule anayeumia ikivunjwa. Fikirieni hapo kwa mita ya nyumba ya kupanga. Anayechagua chipu yuko kiwandani, anayenunua mita ni shirika, anayekaa gizani ni baba Zuwena. Mchumi anaiona hiyo kwa dakika mbili, sisi wa osiloskopu tunaweza kukaa miaka miwili hatujaiona.

Alafu kuna sheria. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kuingia kwenye mfumo bila idhini na inagusa mpaka kumiliki kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kutenda kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo, na tume yake ipo. Sipingi hata moja, nilishaibiwa hela na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wapelekwe tu. Ila mimi nikinunua kadi ya kugusa dukani, kwa hela yangu, nikaipima mezani kwangu nikakuta inavuja, naruhusiwa kumwambia nani? Kwa utaratibu gani, ndani ya siku ngapi? Kaka yetu wa sheria alianza kuandika ukurasa mmoja wa jibu ukawa kurasa tisa na mwisho akasema inategemea. Fundi wa Aggrey hawezi kuishi na inategemea.

Uholanzi walishapita hapo. Kulikuwa na kadi za kugusa zenye chipu inayoitwa MIFARE Classic, mabasi na treni za London zilizitumia, za Uholanzi pia, ulinzi wake ulitegemea fomula iliyofichwa. Mwisho wa 2007 Karsten Nohl na Henryk Plötz walieleza Berlin jinsi walivyoichimbua, wakiwa wameparua chipu tabaka kwa tabaka na kupiga picha kwa hadubini. 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud wakaenda mbali zaidi, wakawapa taarifa mapema wahusika, wakataka kuchapisha. Kampuni ya NXP, yenye chipu hiyo, ikawapeleka mahakamani wazuiwe. Mahakama ya Arnhem ikakataa kuwazuia, Julai mwaka huohuo. Chuo kilisimama nyuma ya watu wake, sikukisikia kikiuliza kwanza hii ni ya idara gani.

Na Estonia 2017. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, mji wa Brno, Jamhuri ya Czech, waligundua chipu fulani za kampuni ya Infineon zinatengeneza funguo zenye udhaifu, na chipu hizo ndo zilikuwa kwenye vitambulisho vya taifa vya Estonia kama laki saba na nusu. Nchi ndogo ile, mpaka kura wanapiga kwa kitambulisho hicho. Waliambiwa mwisho wa Agosti, wakatangaza Septemba, Novemba wakasimamisha vyeti vya kwenye kadi hizo wakati watu wanasasisha. Sisemi vitambulisho vyetu vina shida, sijavipima na sina ruhusa ya kuvipima, ndo point yangu. Nauliza tu kama kesho tukipigiwa simu kutoka Brno, hapa Dar atapokea nani? Nani ana vifaa mezani vya kuthibitisha kabla ya jioni, na nani amekaa karibu naye wa kuandika tangazo ambalo bibi wa Gongo la Mboto atalielewa bila kuogopa?

Kuna mji Ujerumani unaitwa Bochum. Zamani ni makaa ya mawe, kisha magari, kiwanda cha Opel kikafungwa 2014. Leo chuo chao cha Ruhr kina kituo kikubwa cha usalama wa kompyuta na pembeni yake kuna taasisi ya Max Planck ya usalama na faragha, ilianzishwa 2019. 2023 watu wa pale walichukua chipu za vizazi vinne, nanomita 90, 65, 40 na 28 (namba ikipungua, vipande vya ndani navyo ni vidogo zaidi), wakapanga mabadiliko 40 kati ya mchoro na chipu, kama vile kuna mtu kachomeka kitu kiwandani, kisha wakapiga picha kwa hadubini ya elektroni na programu ikalinganisha picha na mchoro. Ilikamata 37. Tatu zilizoponyoka zote zilikuwa kwenye ile ndogo kabisa ya 28.

Lakini kilichoniacha mdomo wazi si hicho. Ni kwamba wanasaikolojia wa hapo wamekaa na wahandisi kuchunguza mtu anayefumua chipu anawaza nini, anaanzia wapi, anakwama wapi, anarukaje. Niliposoma hivo nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akaniangalia. Waheshimiwa, Kariakoo kuna mzee, jina lake nalihifadhi, anashika aisii (chipu) ya chaji, anaipindua kwenye mwanga, anapitisha kucha juu ya maandishi, anakwambia hii imeparuliwa ikachapwa upya, usiifunge. Hana mchoro. Hajawahi kuona hadubini ya elektroni. Nimekaa naye miaka sita na nimemuona akikosea mara chache kuliko nilivyokosea mimi kwa wiki. Kadi za memori zinazosema giga 64 ndani zina 8, anazikataa kabla hajazichomeka. Hiyo akili iliyoko kwenye kucha yake haijaandikwa na mtu, na mashine haiwezi kufundishwa kitu ambacho hakijarekodiwa. Siku akistaafu kwenda Tanga kulima machungwa imeondoka.

Mjini hapa tuna kila kitu isipokuwa meza moja. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna wahandisi, wanasheria na watu wa isimu. Kijitonyama kuna kampasi ya kompyuta na elektroniki, na Tume ya Sayansi na Teknolojia iko hapohapo Sayansi, unatembea kwa mguu. Mjini kuna DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Kariakoo iko dakika chache kutoka DIT kama hakuna foleni, na foleni ipo. Hela za akili mnemba nazo zinakuja siku hizi, nazisikia kwenye makongamano, ila naziona zinaenda kwenye programu za kupiga soga na mashindano ya vijana siku mbili na fulana. Fulana nimevaa, nzuri. Osiloskopu hakuna aliyetupa. Huku mtaani zimejaa kompyuta za mtumba zilizotengenezwa kabla ya ile kasheshe ya Meltdown na Spectre ya Januari 2018, kasoro zilizokuwa ndani ya prosesa zenyewe, na nyingi ninazofungua hazijawahi kusasishwa tangu zishuke bandarini.

Tunachoomba si jengo. Jengo mtachukua miaka mitano na litakuwa na vigae vizuri na halina soketi. Tupeni chumba kimoja, popote kati ya Mwenge na Posta, chenye umeme usiochezacheza, kiwe cha vyuo vyote na kisiwe cha idara yoyote, na mtu wa sheria awe na kiti chake mle si wa kupita. Mafundi wawili watatu wa Kariakoo walipwe kwa siku kama mnavyowalipa washauri, hata nusu yake. Tuandikieni karatasi moja inayosema mtafiti aliyefungua kifaa alichokinunua, akatoa taarifa kwanza kwa mhusika na akasubiri muda uliowekwa, hashikwi. Na walimu wetu wanapoandika makala na mtu wa fani nyingine, mkiwapandisha vyeo ihesabiwe nzima, kwa sababu mwalimu mmoja alituambia wazi angependa kuingia lakini makala ya watu wanne wa fani nne kwake ni robo makala, na yeye ana watoto wanasoma.

Dada yetu wa hisabati amepata nafasi nje, anaondoka Septemba. Hatujamlaumu, tulimnunulia kitenge. Kifaa kimetoka, baada ya barua ambayo mwishoni ilisainiwa na idara ya Kiswahili, msicheke, ndo pekee iliyokubali kugonga muhuri. Kwa hiyo rasmi sisi sasa ni mradi wa Kiswahili wenye osiloskopu ya kuazima.

Juzi tumepakua fomu mpya ya mwaka huu. Kisanduku cha fani bado ni kilekile, upana wa kidole gumba. Safari hii tumeandika umeme, hisabati, sheria, isimu, ufundi simu, maandishi yakatoka nje ya mstari yakashuka pembeni mwa karatasi mpaka karibu na sehemu yenu ya kusaini. Mkiikuta mezani msidhani ni uchafu.

Wenu,
fundi wa Aggrey, Kijitonyama, Dar es Salaam